Kushuka Mlima si Aibu

Wasee, leo nitasema kitu ambacho wengine hamtapenda. Hizi safari za Mlima Kenya za wikendi moja, Ijumaa unapanda, Jumapili alfajiri uko Point Lenana, Jumatatu uko kazini, zinatuchezea maisha.

Mimi nilienda. Ijumaa tulilala Old Moses, mita 3,300. Jumamosi tukalala Shipton's, mita 4,200. Piga hesabu: mita 900 kwa siku moja. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hakuna mtu alituambia hivyo. Tuliambiwa tu tubebe sweta na chokoleti.

Usiku huo kichwa kiliniuma vibaya na chakula kikakataa kukaa tumboni. Nikanyamaza. Nilipoacha chuo niliitwa mtu wa kuacha mambo katikati, so hiyo video ya kilele niliitaka kuliko afya yangu. Saa nane usiku nikaamka kuvaa viatu, nikawa nayumba kama mlevi. Mwongozaji akaniambia nitembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Nikashindwa. Akasema, "Kijana, wewe unashuka. Sasa hivi." Nilikasirika, lakini nikashuka. Kufika chini, kichwa kikaanza kuachilia.

Wengi hudhani ugonjwa huu ni wa watu wasio fiti. Zii. Hewa ya huko juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Mombasa, ila mgandamizo wake ni mdogo, so kwa Lenana, mita 4,985, kila pumzi inakupa zaidi ya nusu kidogo tu ya oksijeni ya pwani. Mazoezi hayabadilishi hiyo. Tena mtu fiti hupanda mbio, akajiumiza haraka zaidi.

Kichwa na kichefuchefu vikianza, usipande tena mpaka viishe. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata umekaa, shuka hapo hapo, hata kama ni usiku, na usishuke peke yako. Hapo maji yanaweza kuwa yanajaa kwa ubongo au mapafu, na hiyo huua. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee kupanda ni kujidanganya.

Na nyinyi mnaocheka wenye walirudi, acheni. Hicho kicheko ndicho hufanya mtu afiche ugonjwa mpaka abebwe.

Kabla hujatuma pesa kwa mtu wa safari, muulize: kila usiku tunalala wapi, na ni mita ngapi? Nani anashuka na mgonjwa? Akikosa jibu, kaa na doh yako, ungoje mwenye anaongeza usiku mmoja. Mimi nitarudi, na safari hii naenda siku tano.