Msiwacheke Waingereza kwa Hari Yao

Tarehe 19 Julai 2022, katika kijiji cha Coningsby, jimbo la Lincolnshire, Uingereza, kipimo cha joto kilipanda hata kufikia digrii 40.3. Tangu watu wa nchi ile walipoanza kupima joto la hewa na kuliandika, hawakuwa wamepata kuona joto kubwa namna hiyo kwao. Kubwa lililotangulia lilikuwa digrii 38.7, nalo lilipimwa mjini Cambridge mwaka 2019. Huku kwetu Afrika ya Mashariki wako wanaozicheka habari hizi. Husema, "Digrii arobaini ni nini? Kule Lodwar, katika nchi ya Waturkana, joto la digrii 35 na zaidi ni jambo la siku zote, na watu wachunga mbuzi wao wala hawalii." Mimi naona ya kuwa kicheko hicho si cha haki, na tena chatunyima elimu tunayoihitaji sisi wenyewe.

Kwa maana mwili wa mtu hauzoei joto kwa siku moja. Huhitaji muda wa juma moja au mawili, kidogo kidogo, ndipo hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Mturkana amezoezwa tangu utoto wake. Mwingereza hakupewa nafasi hiyo: hari ile ilimjia ghafula, ikashika sana siku mbili tu, kisha ikaondoka.

Tena, nyumba zake zimejengwa ili kuzuia baridi. Madirisha ni ya kioo, wala kwa kawaida hayana mbao za kufungia kwa nje, kama yalivyo madirisha mengi ya Hispania na Italia. Jua likipenya katika kioo, joto huingia na kukaa. Na katika mwezi wa Julai jua la kule huchomoza yapata saa 11 alfajiri, likachwa saa 3 usiku. Fikirini basi nyumba hiyo ina hali gani wakati wa kulala.

Sasa nije kwenye neno ninalotaka kulisema hasa. Mtu akiona joto, mkono wake wa kwanza huenda dirishani. Hufungua kila dirisha saa 7 mchana, akidhani ya kuwa upepo wa nje ni dawa. Lakini ikiwa hewa ya nje ni digrii 40 na ya ndani ni 28, ameingiza nini ila moto? Kanuni ni nyepesi: hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, funga, ikiwa na baridi kuliko ya ndani, fungua. Basi dirisha hufungwa asubuhi kabla jua halijawa kali, na pazia huteremshwa. Usiku hufunguliwa pande mbili za nyumba ili upepo upite katikati. Kukaa gizani mchana si uvivu. Bibi wa Kihispania afanyaye hivyo anajua analolifanya.

Hata feni ina mpaka wake. Feni haipozi hewa, huisukuma tu. Inayompoza mtu ni jasho lake likikauka. Joto likipita digrii 35 au zaidi, na hasa mtu akiwa mzee ambaye jasho lake ni haba, upepo wa feni waweza kumwongezea joto badala ya kumpunguzia. Afadhali kitambaa kilicholowa maji shingoni na mikononi.

Mtu wa pwani atanijibu, "Sisi twafungua madirisha mchana kutwa, nasi twaona raha." Ni kweli, nami simpingi. Hewa ya pwani ni nadra kupita joto la damu, yaani digrii 37, nayo ina unyevu mwingi. Kwa hiyo upepo wa bahari ukaushao jasho ni neema. Tena wazee waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na vichochoro vyembamba hata nyumba moja ikaitilia kivuli ya pili. Nyumba ya bati lisilo na dari ni habari nyingine kabisa: ukiifunga mchana umejitia chunguni. Mwenye nyumba hiyo na atoke, akakae chini ya mwembe mpaka jua lipungue. Desturi ya mahali pamoja haihamishwi hivi hivi kupelekwa mahali pengine. Ihamishwayo ni sababu yake.

Katika bustani mambo ni hayo hayo. Mwezi ule wa Julai 2022 ulikuwa Julai yenye mvua haba kuliko zote katika Uingereza tangu mwaka 1935, na mwezi wa Agosti watu wa sehemu kadha za kusini wakakatazwa kumwagilia bustani kwa mpira wa maji. Wengi walihuzunika kwa sababu ya nyasi za uani zilizogeuka rangi ya kahawia. Mimi nisingezipa hata kopo moja. Nyasi hukauka juu, lakini mizizi hulala hai, na mvua ikirudi huchipuka. Maji machache yaliyopo ni haki ya mche mchanga na ya nyanya. Nayo yatiwe alfajiri, shinani, kwa wingi, kisha yaachwe siku mbili tatu. Maana anayenyunyiza kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, mahali penye moto. Udongo ufunikwe kwa matandazo ya majani makavu. Wala usiogope kuona majani ya mboga yamelegea saa 8 mchana: yatazame tena jioni. Yakiwa yamesimama, mmea haukuwa na kiu.

Lakini mboga zikifa hupandwa nyingine. Katika vipindi vitano vya joto kali vya mwaka ule, serikali ya Uingereza ilikadiria ya kuwa vifo vya watu wenye miaka 65 na zaidi vilizidi hesabu ya kawaida kwa 2,800 na ushei. Katika Ufaransa, mwezi wa Agosti 2003, walikufa watu karibu 15,000 kuliko kawaida, wengi wao wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Ni nani atakayewacheka hao?

Kiu ya mzee hupungua kadiri umri wake unavyozidi. Kwa hiyo asiulizwe kama ana kiu, apewe maji. Mtoto wa darasa la sita aweza kazi hiyo: kupita kwa jirani asubuhi na tena saa 9 mchana, kumtilia maji, kumfungia dirisha, na kusikiliza maneno yake. Akimkuta ngozi yake ni moto na maneno yake yamevurugika, huo ni ugonjwa wa hatari. Aite watu wazima upesi, wampeleke kivulini, wamlowanishe mwili mzima kwa maji na kumpepea huku daktari akiitwa. Na kama amezimia, asinyweshwe kitu, yasije maji yakamwingia mapafuni.