Muzee wa kazi apunguziwe saa, lakini pansio yake isiguswe



Juu ya kofia, viatu na maski tumekwisha kuandika mara nyingi. Leo tuseme juu ya saa za kazi. Katika machimbo mengi mutu wa miaka 57 anapewa posti sawa na kijana wa miaka 25. Wanaingia pamoja na kutoka pamoja, muchana na usiku, na hakuna anayeuliza kama mwili wa yule wa kwanza bado unaweza.

Maoni yetu ni haya: mufanyakazi anayekaribia pansio ana haki ya kuomba saa chache, na kampuni ina faida kumukubalia. Lakini asipoangalia vizuri namna ya kuomba, atapumzika leo na kulia kesho.

Tuanze na mwili. Zahabu ya kwetu Kabambare, kama ile ya Namoya, inakaa ndani ya mawe meupe magumu, na vumbi la mawe hayo likikwisha kuingia ndani kabisa ya mapafu halitoki tena. Ugonjwa wake, silikozi, unaweza kuonekana hata kisha mutu kuacha kazi. Kila saa inayopunguzwa mahali pa vumbi inasaidia. Tena usingizi wa muzee hauko kama wa kijana: akilala muchana baada ya posti ya usiku, anaamka bado amechoka. Macho yanakawia kuzoea giza, masikio hayasikii vizuri honi ya gari kubwa linalorudi nyuma. Hapo ndipo ajali inakuja, na haimupati muzee peke yake. Ekipi yote iko karibu naye.

Wakubwa fulani wanasema kuomba saa chache ni uvivu. Wasome kwanza. Mwaka 1980, Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipokutana Geneva lilitoa Pendekezo namba 162 juu ya wafanyakazi wenye umri mukubwa. Linashauri saa za siku na za juma zipunguzwe kwa wazee wanaofanya kazi nzito au ya hatari, tena zipunguzwe polepole, mbele ya umri wa pansio, kwa kila muzee anayeomba. Pendekezo halina nguvu ya sheria, haliwezi kumulazimisha bwana wa kazi. Lakini delege wa sendika anaweza kuliweka juu ya meza.

Sheria yetu ya kazi ya 2002 inasema kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Kufanya chini ya hapo haikukatazwa. Na tangu sheria ya 15 Julai 2016 umri wa pansio ni miaka 60 kwa mwanaume na kwa mwanamuke. Mbele ya hapo mwanaume alingoja 65. Basi mwenye miaka 57 hayuko mbali.

Sasa mutego uko hapa. CNSS inahesabu pansio juu ya mushahara ambao kampuni imeutangaza. Kwa tawi la pansio mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia, na kampuni inatoa 5 kwa mia. Tuseme mushahara wako ni 100: kwa CNSS inaingia 10. Ukikubali kufanya siku 4 kwa juma, saa 36 pahali pa 45, na mushahara ukashuka pamoja nazo, utapokea 80, na kwa CNSS itaingia 8 tu. Upungufu wa mushahara unauona kila mwisho wa mwezi, unauhesabu mukononi. Ule wa pansio huuoni hata siku umekwisha kutoka. Na mama ajue hili: pansio ya mujane inahesabiwa juu ya pansio ya mume wake.

Kwa hiyo usianze na kuomba siku chache. Omba kwanza kutolewa kwenye posti ya usiku. Kisha omba kutoka mahali pa vumbi na kupewa vijana wa kufundisha, maana wewe unajua jiwe lipi linadanganya na ngazi ipi inateleza, na saa za kufundisha ni kazi, zinalipwa. Nyuma yake tu useme juu ya saa, huku mushahara ukibaki. Kampuni ikikataa kabisa, hesabu ifanywe kwenye ofisi ya CNSS mbele ya kutia sahihi, si kisha.

Na tuseme ukweli: mutu anayepewa siku moja ya kupumzika akaenda nayo kwenye mashimo ya wachimbaji wa mikono amebadilisha vumbi kwa vumbi. Mama wa nyumba, muangalie hapo. Shamba la muchele kule Kasongo linamungoja, ijapokuwa nalo lina jasho lake.

Wazee wa Maniema na Kivu wanajua bei ya maneno yasiyoandikwa. SOMINKI iliundwa mwaka 1976, na Namoya ilikuwa mojawapo ya machimbo yake. Ilipovunjwa mwaka 1997, wafanyakazi wake walidai hesabu yao ya mwisho kwa miaka mingi. Ahadi ya mudomo ya mukubwa mwema inaondoka naye siku anapohamishwa.

Usiende ofisini peke yako, wala siku ya hasira. Nenda na delege, na karatasi ya munganga wa kazi inayosema mapafu, macho na masikio yako yamefika wapi. Mukikubaliana, iandikwe kama nyongeza ya mukataba: saa ngapi, posti gani, tangu tarehe gani, na mushahara gani utakaotangazwa kwa CNSS. Nakala tatu: moja ya kampuni, moja ya delege, na moja ya kuwekwa nyumbani ndani ya sanduku, pahali mama anapajua.