Mkataba Utangulie Mashine



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tunaizungumza riziki ya bandarini. Aliye Port Reitz akitazama upande wa Kipevu huziona kreni za gati la pili la makontena, lililofunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Japani. Nyumba nyingi za mtaa wetu na za Changamwe zimelea watoto kwa ujira wa bandari. Kwa hivyo mashine mpya ikishushwa gatini, habari yake haiishii kazini; hufika hadi jikoni kwetu.

Zamani shehena ilishuka kwa mabega ya makuli, gunia baada ya gunia. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 katika meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston, na tangu hapo sanduku la chuma likaanza kuchukua nafasi ya bega. Mwaka 2008 bandari ya Mombasa ikaingiza mfumo wa kompyuta uitwao KWATOS, na kalamu ya karani nayo ikapata mshindani.

Wafanyakazi wa mji huu hawakosi historia ya umoja. Januari 1947 watu wapatao 15,000, wakiwamo wa bandari, waligoma kwa zaidi ya siku kumi wakidai ujira wa haki. Mwaka 1955 bandari iligoma tena, na Tom Mboya akaja kusuluhisha. Lakini kuidai nyongeza ya mshahara ni jambo moja, na kukabili mashine ni jingine. Mshahara mdogo humuuma kila mtu siku ile ile. Mashine huja polepole: huenda asifukuzwe yeyote, ila anayestaafu hapati wa kushika nafasi yake, na kibarua aliyezoea kuitwa haitwi tena.

Basi chama cha wafanyakazi kifanye nini? Mfano mmoja unafaa kuzingatiwa. Mwaka 1960 chama cha makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, kikiongozwa na Harry Bridges, kilikubali waajiri walete mashine, lakini kwa bei. Waajiri walitoa takriban dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na ushei, ili wafanyakazi wahakikishiwe kipato, na wazee wastaafu mapema kwa heshima. Faida ya mashine ikagawanywa kabla haijaonekana. Hata hivyo mkataba ule ulikuwa na ila: wafanyakazi wa daraja la pili, ambao hawakuwa wanachama kamili, hawakupata fungu katika mfuko ule. Chama kinachowasahau vibarua wake hulinda nusu ya nyumba.

Kwetu Kenya sheria ipo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi akiarifu chama chao pamoja na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiasi cha upunguzaji huo. Katika kuchagua wa kuondoka, hana budi kuangalia muda waliotumika, ujuzi wao na uaminifu wao. Likizo ambazo hazijachukuliwa hulipwa kwa fedha taslimu, na kila mwaka uliotimia wa utumishi hulipiwa malipo yasiyopungua ya siku 15. Kibarua naye, akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ana njia ya kuhesabiwa kuwa mwajiriwa chini ya kifungu cha 37.

Haki hizi hudaiwa kwa ushahidi, na hapa ndipo kina mama wanapoingia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ya kuajiriwa, hati za mishahara, kadi ya chama na kumbukumbu za siku za kibarua zihifadhiwe nyumbani, mahali pamoja panapojulikana na mume na mke. Mke amuulize mumewe, na mama amuulize mwanawe au bintiye: mkataba wenu wa pamoja na mwajiri unasemaje kuhusu mashine? Je, anayeondolewa kwenye winchi atafunzwa kuendesha kreni, au ataambiwa tu kwaheri? Maswali haya yakiulizwa sebuleni leo, yatafika katika mkutano wa chama kesho.

Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi zao, na amri hiyo inamhusu mwajiri kama inavyomhusu mwajiriwa. Ahadi haitimizwi, basi, kabla ya kufungwa. Wakati wa kuifunga ni sasa, mashine ingali melini. Ikishatia mguu gatini, chama huwa kinaomba hisani.

Twamuomba Allah azibariki riziki za watu wetu, awape viongozi wa wafanyakazi uoni wa mbali, na awajaalie waajiri wenye kuchunga haki. Amin.