Skrini Safi Isikudanganye

Wasee, huku mtaani tukisalimiana tunaulizana "rada?" na jibu ni "rada safi". Leo naongea kuhusu rada yenyewe, ile ya kwenye boti. Na maoni yangu ni haya: kwa boti ndogo, rada inayoonekana safi sana ndiyo ya kuogopa.

Rada inatuma mawimbi ya redio, yanagonga kitu, yanarudi. Chuma kinayarudisha vizuri. Mbao na faiba zinarudisha kidogo tu. Sasa angalia Pwani yetu, kutoka Vanga hadi Lamu. Nani yuko baharini usiku? Mvuvi kwa ngalawa ama mashua ya mbao, na taa moja, pengine hana hata hiyo. Kwa rada yako huyo ni kanukta kadogo. Na kusi ikivuma bahari ikachafuka, mawimbi yaliyo karibu nayo yanaleta nukta zao. Skrini inajaa takataka.

Hapo ndipo shida huanza. Kuna kitufe cha kupunguza fujo ya mawimbi. Msee anakizungusha mpaka mwisho, skrini inakuwa nyeusi tii, anasema "iko fiti". Buda, hujasafisha bahari. Umemfuta mvuvi. Yeye bado yuko pale, na wewe unakuja na injini mbili.

Kurekebisha vizuri kunataka subira. Unapandisha geini mpaka vumbi jepesi lionekane kwa skrini, kisha unashusha kidogo. Ile ya mawimbi unaongeza polepole huku ukiangalia boya ama mtumbwi unaouona kwa macho. Ukipotea kwa skrini, umepitisha, rudi nyuma. Na bahari ikibadilika, unaanza upya. Hii kazi haifanyiki boti ikiwa imefungwa gatini.

Kufunga nako kuna siri zake. Wenye boti wanapenda kujigamba na rada ya maili 48, lakini dunia ni mviringo. Antena ikiwa mita 4 juu ya maji, upeo wake ni kama maili 4.4 za baharini. Ipandishe hadi mita 9, unafika 6.6. Meli ndefu ama mlima utaviona mbali zaidi, ngalawa hapana. Kwa hivyo mahali umeiweka ni muhimu kuliko namba iliyoandikwa kwa boksi. Isizibwe na mlingoti, isiwe usawa wa vichwa vya watu, na waya wa umeme uwe mnene wa kutosha.

Halafu kuna mwelekeo. Elekeza omo kwa boya, uone kama kwa skrini pia liko mbele kabisa. Kosa la digrii 5 tu, kitu kilicho maili 3 mbele kinaonyeshwa karibu nusu kilomita pembeni ya mahali kiko. Usiku hiyo ni ajali.

Najua kuna mtu atasema, "Si kuna AIS?" Iko, lakini AIS inakuonyesha wale tu wenye kifaa cha kujitangaza. Ngalawa haina.

Na kama unadhani kuwa na rada kunatosha, kumbuka Julai 1956, karibu na Nantucket, Marekani. Andrea Doria na Stockholm, meli kubwa mbili, zote zilikuwa na rada na zote ziliona mwenzake kwa skrini. Bado ziligongana na watu 51 wakafa. Hata sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinakataza kukisia kwa habari chache, hasa za rada. Na zinataka macho na masikio yafanye kazi wakati wote.

So ukinunua rada kwa doo kubwa halafu unambania fundi, unamlipa masaa mawili akushikishie waya tu, umenunua pambo. Mlipe siku nzima. Mwende naye baharini, nahodha wako ashike vitufe mwenyewe mpaka azoee. Na vijana wa Pwani mnaojua umeme na hamna kazi, ingieni hapa. Bahari haiulizi cheti, inauliza kama ulimwona yule mvuvi.

Na wewe wa Nairobi ukishuka Watamu likizo, ukipanda boti inayorudi giza limeingia, muulize nahodha nani aliirekebisha rada yake, na lini. Ni haki yako, na ya yule asiye na taa pia.