Mtaji wa Studio Usikwame Kwenye Laptop
Wenye studio ndogo wanaonunua laptop za bei nafuu na kuziongezea uwezo wa kuhariri picha na video hawapotezi mtaji, mradi wachague zinazofunguka. Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za RAM, na diski yake hubadilishwa. MacBook Air zenye chipu za Apple, tangu 2020, haziongezewi RAM kabisa.

DaVinci Resolve kwenye Windows huhitaji RAM ya GB 16. Mwenye GB 8 aanzie hapo, kisha anunue SSD. Prosesa na chipu ya picha huwa zimechomelewa kwenye bodi. Zikiwa dhaifu, fedha ziwekwe akiba ya kununulia mashine nyingine.