Dawa ya Deni Kulipa

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi wa hapa Kagondo na wenzetu wa visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba hufurahi siku moja, kisha huanza kuhesabu fedha. Mtoto amefaulu, nauli, ada na malazi vitatoka wapi? Mchango wa harusi hupatikana upesi. Mchango wa masomo hujadiliwa kikao baada ya kikao.

Katika jambo hili hatuna budi kuwatazama ndugu zetu Waismailia, ambao babu zao walivuka bahari kutoka Gujarat na Kutch wakaweka maskani Zanzibar, mwambao na bara. Mwaka 1905 shule yao ilifunguliwa Zanzibar. Mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa uzito wake kwa almasi mjini Dar es Salaam, fedha zilizochangwa hazikuishia katika sherehe, bali ziliwekwa katika chombo cha kukopesha wanajumuiya wajenge nyumba na kuendesha biashara. Mwaka 1967 Aga Khan wa Nne aliunda Wakfu wa Aga Khan, nao mwaka 1969 ukaanza kuwasaidia wanafunzi wa nchi zinazoendelea, wakiwamo wasio Waismailia, kusomea shahada za juu ng'ambo. Nusu ya fedha ilikuwa ruzuku, nusu mkopo.

Siri imo katika nusu hiyo ya pili. Anayerudisha deni humsomesha kijana asiyemjua.

Faida ya elimu ilidhihirika mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Maduka yalibaki Kampala; ujuzi haukuweza kunyang'anywa mpakani. Wengi walipokewa Kanada na Uingereza, wakaanza upya. Wala urithi haukutupwa. Zahanati ya Kale ya Zanzibar, iliyojengwa kwa mali ya Tharia Topan, ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya kwa wananchi wote.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, akiahidi shilingi kwa kila shilingi ambayo Waislamu Waafrika wangechanga kwa shule na misikiti. Mwaka 1968 mgogoro wa uongozi uliigawa, tawi la Bukoba likiwa mstari wa mbele kujitenga, na Desemba mwaka huo Serikali ikaipiga marufuku. Fundisho kwetu ni kwamba fedha ya mfadhili peke yake haitoshi. Mfuko husimama pale wanaochangia wanapokubaliana nani auongoze, na kwa utaratibu gani.

Kujitegemea si jambo geni kwetu. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake waliunda Bukoba Bahaya Union ili kuleta maendeleo. Leo hatuhitaji chama cha kabila. Tunahitaji mfuko wa elimu wa wilaya nzima, kisiwani na bara, kwa kila mtoto aliyefaulu, awe wa dini yoyote na asili yoyote. Serikali ina Bodi ya Mikopo tangu mwaka 2005, lakini si kila mwombaji hupata, na anayepata hapati kila anachohitaji.

Wavuvi na wakulima wa kahawa wachange baada ya msimu. Wenzetu walio Dar es Salaam na ng'ambo wachange kwa mshahara. Nusu iwe ruzuku, nusu mkopo. Hesabu zibandikwe ubaoni katika kila ofisi ya kata, hata Goziba. Nao watendaji wa Serikali wasimamie bila watoto wao kutangulizwa.

Tuliosomeshwa kwa jasho la wengine tunalo deni. Wahenga walikwisha kutuambia dawa yake.