Kisu Butu Ndicho Kitoboacho Ngozi

Waswahili husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii ni ya kweli, lakini yahusu nyama tu. Na mfugaji achinjaye ng'ombe wake ana mali mbili mbele yake. Nyama italiwa leo na kesho. Ngozi itakwenda sokoni, na huko itageuzwageuzwa na mnunuzi atafutaye sababu ya kupunguza bei, na sababu hiyo mara nyingi ni alama ya kisu.

Wako wachinjaji, watu wazima na wenye ujuzi, wasemao kwamba kisu cha kuchunia kisitiwe makali mno, kisije kikatoboa ngozi. Nawaheshimu, ila katika neno hili sikubaliani nao hata kidogo. Mtazame mtu achunaye kwa kisu butu: hakati, bali hukereza, mkono wake hukaza nguvu, na nguvu ikizidi kisu huteleza, wala hajui kitakapokomea. Kisu kikali hutaka mkono mwepesi, na mkono mwepesi waweza kusimama upesi. Kitoboacho ngozi ni nguvu na ncha, si makali.

Basi angalia kwanza umbo. Kisu cha kuchinjia chenye ncha kali kisitumiwe kuchunia. Chagua chenye makali yaliyopinda na ncha ya mviringo. Ikiwa huna, ncha ya kisu chako cha zamani yaweza kupunguzwa kwa tupa hata ikawa mviringo, na hiyo ndiyo kazi pekee ya tupa ninayoikubali hapa. Tupa ni chombo cha jembe na panga. Kwenye kisu chembamba hula chuma upesi na kuacha makali yenye meno. Cherehe izungukayo upesi ni mbaya zaidi, kwani joto lake likigeuza chuma rangi ya buluu, ugumu wa mahali pale umekwisha, na kisu hakitashika makali vema mpaka sehemu hiyo iondolewe yote.

Heri kinoo chenye nyuso mbili, mmoja wa chembe kubwa na mmoja laini. Kilowe maji, kikae juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Kisu cha upana wa sentimita 3 kiinuliwe mgongo kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, usipite hapo, na mwinamo huo usibadilike tangu mpinini hata nchani. Noa upande mmoja juu ya uso wa chembe kubwa mpaka upande wa pili utokeze kama unywele wa chuma, makali yote. Utausikia ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje; usipitishe kamwe kufuata makali. Kisha geuza, unoe upande wa pili vivyo hivyo. Wengi huacha kabla unywele haujatokea, wakakilaumu kinoo. Mwisho hamia uso laini, upande huu mara moja na upande huu mara moja, kwa mkono mwepesi, mpaka unywele uishe.

Ule mti wa chuma wautumiao wauza nyama ni msaada wakati wa kazi, maana hunyosha makali yaliyolala; lakini hauwezi kushika nafasi ya kinoo.

Baada ya kuchuna, tandaza ngozi, upande wa nyama ukiwa juu, uitazame kabla hujaiwamba. Mkwaruzo usiopenya waonekana leo kuwa si kitu. Mtengeneza ngozi akisha kuondoa nywele na kuinyosha, ndipo udhaifu wake uonekanapo.

Nawe usiyechuna mwenyewe, uliyemwita mchinjaji, mwombe akuonyeshe kisu chake kabla ng'ombe hajaangushwa. Kikishindwa kukata ukurasa wa karatasi ulioshikwa kwa mkono mmoja, mpe kinoo na maji, umngoje.